Microsoft Project kwa timu ya sapoti: inafaa, ila simu ziwekwe kwanza

Microsoft Project wengi tunaijua kama programu ya mainjinia. Mtu anajenga barabara au ghorofa, anachora zile pau ndefu za Gantt zinazoonesha kila kazi inaanza na kuisha lini, anamuonesha mshauri, basi. Ukimwambia mtu wa sapoti kwamba unaitumia kupanga nani akae kwenye simu na nani aende kumfungia mteja mfumo anakushangaa, maana kazi ya sapoti haina mwanzo wala mwisho, simu zinaingia tu kutwa nzima. Mimi naongoza timu ya sapoti ya mfumo wa wahasibu hapa Dar, mambo ya mishahara na vitabu vya hesabu na stoo, naitumia hii programu kupangia timu na msimamo wangu ni huu: kwa jambo moja ambalo helpdeski (programu ya kupokelea maombi ya wateja) haikupi, yaani kujua saa za watu wako zimebaki ngapi kabla hujamuahidi mteja kitu, hii programu ni nzuri sana. Kwa kugawa tiketi za leo, yaani maombi ya wateja ya siku hiyo, haifai kabisa, na anayeinunua kwa sababu hiyo anapoteza hela yake.

Nieleze kwanza tatizo lenyewe maana bila hilo uzuri wa programu hauonekani. Timu ya sapoti kwa jina kazi yake ni kupokea simu na kujibu tiketi, lakini ukikaa nao wiki moja utakuta huyu anahamisha data ya mteja mpya, yule yuko Mwanza anafundisha wahasibu, mwingine anajaribu toleo jipya kabla halijatoka, mwingine kaambiwa aandike mwongozo, na zote hizo mtu wa mauzo alishaziahidi tarehe. Na simu nazo haziishi. Ukiuliza nani atafanya unajibiwa "si wapo sapoti", utadhani sapoti ni watu wamekaa wanasubiri kazi. Helpdeski inaonesha tiketi ngapi zimefungwa na saa zilizotumika, saa zilizobaki kwa kila mtu haioneshi. Excel ina majina na kazi, ila ukimpa mtu mmoja kazi tatu Jumanne ileile Excel haikwambii kitu. Anayeumia ni yule mtu mzuri wa timu, yule ambaye kila mteja akipiga anamtaka yeye tu, anabeba anabeba mpaka siku moja anaandika barua ya kuacha kazi. Hilo linaniuma kuliko kitu kingine chochote kwenye hii kazi, na ndo sababu naandika hivi kwa urefu.

Sasa tuingie kwenye programu. Cha kwanza kabisa kabla hujaandika kazi hata moja ni kalenda, na hapa ndo wengi wanapita haraka. Ukiifungua, yenyewe inaamini watu wanafanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 2 asubuhi mpaka saa 6, alafu saa 7 mchana mpaka saa 11 jioni, jumla saa 40 kwa wiki. Sisi sheria yetu ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 inaruhusu mpaka saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6, na ofisi nyingi za hapa zina Jumamosi nusu siku. Kwahiyo unaingia kwenye kalenda unaongeza Jumamosi saa 2 mpaka saa 7 mchana, hapo zimefika 45. Ila haijaisha, kuna sehemu ya pili kule kwenye mipangilio ya programu inayosema siku moja ni saa ngapi na wiki moja ni saa ngapi, na hizi mbili haziongei. Ukiandika kazi ni ya wiki 1, programu inaigeuza kuwa saa kwa kufuata ile mipangilio, sio kalenda. Usipoweka 45 kule, kila wiki utakayoandika inahesabiwa 40 na utashangaa kwanini kazi zinaisha Ijumaa wakati Jumamosi ipo wazi.

Sikukuu haziji na programu. Hamna cha Tanzania wala Kenya, unaingiza mwenyewe moja moja: Mapinduzi 12 Januari, Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Desemba na nyinginezo. Zenye tarehe moja kila mwaka unaweza kuziambia zijirudie miaka kadhaa mbele, hiyo ni nafuu. Idd inategemea mwezi, mimi nafunga siku zote zinazowezekana, alafu mwezi ukiandama nafungua ile isiyohusika, bora saa zibaki kuliko mtu ahesabiwe yuko mezani kumbe yuko kwenye pilau ya watu. Na kila mtu anaweza kuwa na kalenda yake juu ya ile ya kampuni. Hapa programu imenifurahisha sana. Wateja wetu wa Nairobi hawajui Sabasaba wala Nanenane, kwao hizo ni siku za kazi kama kawaida, na sisi tarehe 20 Oktoba tuko kazini wao wapo nyumbani Mashujaa. Yule anayewashika wateja wa Kenya kalenda yake inakuwa tofauti na ya wenzake na programu inakumbuka. Mwezi wa Ramadhani vilevile, waliofunga wanaoanza mapema na kutoka mapema ili wawahi futari unawawekea saa zao za kipindi kile tu, ukiisha zinarudi zenyewe.

Alafu unakuja ukurasa wa watu, Resource Sheet. Unaandika jina, kalenda yake, na kuna safu inaitwa Max Units ambayo inakuja imejaa asilimia 100. Kiukweli hiyo 100 ndo kiini cha habari yote. Kwa fundi wa ujenzi 100 ni sawa, amekuja kujenga. Kwa mtu wa sapoti 100 ni uongo, maana nusu ya siku yake ishaliwa na simu kabla hajagusa mradi wowote, na ukiiacha hivyo programu itakupangia kazi za mradi siku nzima kwa uhakika kabisa, na ratiba itapendeza, na haitatekelezeka hata wiki moja.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kushusha hiyo namba, unaandika 50 au 60, kwamba mtu huyu kwenye miradi anapatikana nusu tu. Ni rahisi na haraka, kwa timu ndogo sioni ubaya. Shida yake ni kwamba ile nusu nyingine inapotea machoni. Bosi anafungua ukurasa anakuta watu wake wote ni nusu nusu, swali la kwanza "hawa nusu nyingine wanafanya nini?" na kwenye faili hamna pa kumuonesha. Njia ya pili ndo ninayoitetea mimi: unaacha 100, alafu simu na tiketi unaziandika kama kazi, zenye saa zake, zenye majina ya watu, na unaziandika za kwanza kabla ya mradi wowote. Hapo simu zinakuwa kitu kinachoonekana, zinakula saa kama kazi nyingine, na kinachobaki ndo cha kugawa.

Usitumie ile kazi ya kujirudia kila siku, inakuzalishia mistari mingi mpaka huoni mbele wala nyuma. Tengeneza kazi moja ndefu kwa kila mwezi, "simu na tiketi Machi", urefu wake uufunge usibadilike, alafu fungua ule ukurasa unaoonesha kazi kwa saa za kila siku uandike saa kwa mkono. Kwanini kwa mkono? Kwasababu simu hazifanani siku hadi siku, na kwenye biashara yetu zinafuata tarehe za TRA, mamlaka ya mapato, kabisa. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya mafunzo ya ufundi) mwisho tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kwahiyo kuanzia tarehe 1 mpaka 7 wahasibu wa nchi nzima wanafunga mishahara na kila aliyekwama anapiga simu. Kenya PAYE yao ni tarehe 9 kwahiyo siku mbili zaidi za moto. Zinatulia kidogo, alafu ritani ya VAT tarehe 20, kuanzia 15 hivi unaanza kusikia tena. Baada ya 20 ndo pumzi. Ukisambaza saa za simu sawasawa mwezi mzima utampangia mtu safari ya Arusha tarehe 5 na programu haitakukataza, utakuja kukatazwa na wateja.

Kuna maumbo ya tayari ya kusambaza saa, kazi inayoanza nzito ikamalizikia nyepesi, inayopanda katikati, lingine limepewa jina la kobe, lakini kwa sapoti hayafuati hizo tarehe zetu, mkono ni bora. Juni na Julai ni habari nyingine, bajeti inasomwa Dodoma katikati ya Juni, Sheria ya Fedha inaanza kutumika tarehe 1 Julai, kama kuna kiwango kimebadilika mfumo lazima ubadilike na wateja wote wapigiwe simu ndani ya hizo wiki chache. Huo mwezi mimi sipangi mteja mpya hata mmoja, na sasa nina karatasi ya kuonesha kwanini.

Hizo saa za simu unazipata wapi? Kwenye helpdeski yako ya miezi iliyopita. Tuseme timu ina watu 6, kila mmoja saa 45, jumla ni 270 kwa wiki. Likizo ya sheria ni siku 28 kwa mwaka, yaani wiki 4, mara watu 6 ni wiki 24, maana yake karibu nusu ya mwaka kuna mtu mmoja hayupo! Hapo hujaweka uzazi wala ugonjwa. Kwahiyo wiki ya kawaida hesabu watu 5, saa 225. Tiketi zikiwa 300 kwa wiki na kila moja wastani dakika 25 pamoja na kuandika ulichofanya na kumpigia tena mteja, hizo ni saa 125. Zinabaki 100. Mtu wa mauzo akisikia 100 anafurahi, na hapo ndo pa kumshika mkono taratibu, maana hizo 100 sio zote za kugawa.

Sababu ni foleni. Mdenishi mmoja, Agner Krarup Erlang, alikuwa kampuni ya simu ya Copenhagen, ndo alianza kupiga hizi hesabu, andiko lake la kwanza la simu ni la 1909 na mpaka leo kolsenta zinatumia hesabu zake. Chukua mhudumu mmoja, simu zinaingia bila mpangilio, zingine fupi zingine ndefu, wastani dakika 25. Akiwa bize nusu ya muda wake, mteja anasubiri wastani wa dakika 25 kabla ya kuhudumiwa. Akiwa bize asilimia 80 mteja anasubiri dakika 100. Asilimia 90, dakika 225, karibu saa nne. Wahudumu wakiwa wengi kwenye foleni moja kusubiri kunapungua lakini mwendo ni uleule, ukikaribia kujaa kusubiri kunapaa ghafla. Kwahiyo mtu aliyejazwa mpaka 100 kwenye ratiba hana ufanisi wowote, kila simu ya ziada inayoingia inasukuma zote zilizo nyuma yake. Mimi naacha kama asilimia 20 wazi. Kwenye mfano wetu 20 ya 225 ni saa 45, ukitoa kwenye zile 100 zinabaki saa 55 za miradi kwa wiki, kwa timu nzima. Mteja mpya mmoja akihitaji saa 40 za kuhamisha data na kufundisha, wateja watatu ni saa 120, yaani zaidi ya wiki mbili, sio "wiki ijayo" kama alivyoahidiwa.

Hii hesabu unaweza kuifanya kwenye karatasi, sikatai. Faida ya programu ni kwamba inaifanya kila siku kwa kila mtu, na ukiongeza kitu kimoja inakuonesha palepale nani kazidiwa, jina lake linageuka jekundu na kialama cha mtu mwekundu kinatokea pembeni ya kazi. Kwa timu ya sapoti huo ndo ukurasa wa kushinda umefungua, ule wa saa za kila mtu kwa kila siku, pau za Gantt waachie mainjinia. Na ukiwa na toleo la Professional kuna Team Planner, kila mtu ana mstari wake, kazi zimepangwa kama vibao, zisizo na mwenyewe zimekaa chini, unakamata kibao unakiburuta kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine na ule wekundu unahama nacho. Kikao cha Jumatatu asubuhi tunakifanya mbele ya huo ukurasa kwenye skrini kubwa. Dada mmoja wa timu yetu, huwa hasemi kitu vikaoni, siku moja akasema tu, "Kaka, hiyo Alhamisi yangu umeiona?" Ilikuwa nyekundu mpaka Jumamosi. Mtu wa mauzo aliyekuwepo naye akaiona kwa macho yake, akampigia mteja wake mwenyewe kusogeza tarehe, hamna aliyebishana. Kwangu hiyo peke yake inatosha kulipa bei ya programu, maana mtu aliacha kuonekana mvivu na saa zake zikamtetea.

Sasa mabaya na mitego.

Kuna kitufe cha kusawazisha mzigo, Level All, kinavutia sana. Usikiguse hivihivi. Watu wanadhani kitachukua kazi ya aliyezidiwa kimpe aliye mwepesi. Hapana, hakibadilishi mtu, kinachofanya ni kusogeza kazi mbele mpaka mtu yuleyule apate nafasi. Kwa sapoti maana yake mafunzo ya mteja yanahamia mwezi ujao kimya kimya wakati mwenzake pembeni ana saa kumi wazi. Kila kazi ina namba ya kipaumbele kuanzia 0 mpaka 1000, kawaida inakuja 500, na ukiweka 1000 kazi hiyo haisogezwi kabisa. Zile kazi za simu zote wekeni 1000 kabla hamjajaribu chochote, la sivyo programu itawasogeza wateja wa PAYE mpaka baada ya tarehe 7. Alafu sawazisha mtu mmoja mmoja au kazi ulizochagua, angalia ilichofanya, kama hupendi kuna kitufe cha kufuta. Mimi mara nyingi nahamisha kwa mkono kwenye Team Planner, ni haraka na najua nani anaweza nini.

Na hilo ndo lingine, programu haijui nani anaweza nini. Kwake mtu ni saa tu. Anayejua mishahara na anayejua stoo kwake ni sawa. Kuna safu ya kundi pale kwenye ukurasa wa watu, andika humo "mishahara" au "stoo" ujue unachuja vipi. Kwa miezi ya mbele mimi siandiki majina kabisa, natengeneza "mtu wa mishahara" mmoja mwenye asilimia 300, yaani watu watatu, kazi za mwezi wa tano na wa sita zinakaa kwake, majina ya kweli yanaingia wiki mbili kabla. Ukipanga majina ya miezi minne mbele kila mtu akiugua unaanza upya.

Mtego wa tatu ni hesabu yake ya ndani: kazi ni muda mara watu. Kazi ya saa 40 mtu mmoja anaimaliza kwa siku 5 za saa 8, ukiiambia ni ya juhudi (Effort driven), yaani saa zigawanywe kwa waliopo, na ukaongeza mtu wa pili inasema siku mbili na nusu. Kuhamisha data ya mteja mmoja sio kubeba mifuko ya simenti, wa pili atakaa anasubiri wa kwanza amalize kusafisha majina ya wafanyakazi. Matoleo ya sasa hiyo ya juhudi inakuja imezimwa, iacheni hivyo. Na akija kijana mpya ndo kabisa, kwenye taarifa za mtu kuna jedwali dogo la upatikanaji kwa tarehe, unaweza kusema kuanzia Februari ni 30, Machi 60, Aprili 100, hiyo ni nzuri mno na wachache wanaijua. Lakini programu haijui kwamba dogo anapojifunza kuna mtu anamfundisha, na yule anayefundisha ndo mara nyingi yule mzuri wa timu niliyemtaja juu. Andika kufundisha kama kazi, yenye saa, yenye jina lake. Usipoandika itakuwa kazi ya siri anayoifanya jioni wenzake wakishaondoka.

Zamu za usiku sikushauri. Inakuja na kalenda ya usiku tayari, saa 5 usiku mpaka saa 2 asubuhi, na ya saa 24, lakini kupanga nani alikesha wiki iliyopita kwahiyo wiki hii apumzike, hilo haliangalii, wala ile nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku haitakukumbusha. Kolsenta kubwa za watu mia na kitu kuna programu zao maalumu za kutabiri simu kwa kila nusu saa, hii sio yake. Na tiketi za leo ni za helpdeski, iwe Freshdesk au Zoho Desk au osTicket au GLPI, humo ndo zigawiwe. Ukijaribu kuandika kila tiketi kama kazi humu utashinda unaandika na hakuna atakayehudumiwa. Mimi kila wiki nachukua namba moja tu kutoka helpdeski, saa zilizotumika, nazilinganisha na nilizopanga. Programu inakuruhusu kuhifadhi picha ya mpango wa mwanzo, tena mpaka mara 11 kwenye faili moja, kwahiyo kila mwanzo wa mwezi unahifadhi, mwisho wa mwezi unaona simu zilikula zaidi au pungufu, na mwezi unaofuata makadirio yanakuwa ya kweli zaidi. Hiyo tabia ndogo ndo inafanya mpango uaminike.

Bei. Hapa lazima tuseme wazi maana ni kubwa. Bei ya orodha Marekani toleo la Standard la kununua moja kwa moja ni dola 679.99, Professional dola 1,129.99, kwa shilingi ya kwanza inapita milioni moja na nusu na ya pili inakaribia milioni tatu. Ya kulipia kwa mwezi yenye programu ya kwenye kompyuta ni dola 30 kwa mtu mmoja. Kwa ofisi zetu hizo sio hela ndogo. Lakini hamhitaji kila mtu awe nayo, anayepanga peke yake anatosha, wengine unawatumia PDF au picha ya ukurasa kwenye grupu la WhatsApp kila Jumatatu. Inakaa kwenye Windows tu, wa Mac hamna. Na usichanganye na Planner ile inayokuja na Microsoft 365 ya kawaida, majina yanafanana mpaka inachosha, ile ya bure ni ubao wa kadi, mzuri kwa kukumbushana, ila saa haijumlishi kwahiyo haitakwambia nani kazidiwa. Kama mtu anataka kukuuzia Project Online, ile ya mtandaoni, muulize vizuri, Microsoft walishatangaza kuifunga tarehe 30 Septemba 2026.

Ambaye bajeti hamna ajaribu ProjectLibre. Ni ya bure, ilitoka 2012, inakaa Windows, Mac na Linux, inafungua faili za mpp za Microsoft Project ingawa yenyewe haihifadhi kwa mpp, unapeleka kwa XML. Kalenda ipo, asilimia za watu zipo, grafu ya mzigo wa kila mtu ipo. Team Planner haina, kwahiyo kuburuta kwa kikao cha Jumatatu sahau. Lakini lile jambo kubwa nililolisema, simu ziandikwe kama kazi na ziandikwe kwanza, linafanyika humo bila shida, na kama ndo unaanza anza nayo hiyo miezi miwili mitatu kabla hujaomba hela ya Professional. Ukienda kwa bosi na grafu yenye majina ya watu wake yamezidi mstari tarehe 1 mpaka 7 kila mwezi, mazungumzo ya bei yanakuwa mepesi.

Timu ya watu wawili watatu mnaokaa meza moja sioni haja ya kununua, mnaonana, mnajua nani kachoka. Kuanzia watano kwenda juu, hasa kama mna wateja wa mikoani na miradi inayoingiliana na simu, mimi nasema chukueni, na chukueni Professional sio Standard, tofauti inayotuhusu sisi ni ule ukurasa wa kuburuta ambao timu nzima inaweza kuusoma bila kufundishwa.